Uliza Mwalimu: Kigari cha Mirihi Hulalaje?

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba kigari Opportunity kilipelekwa Mirihi kwa kazi ya siku 90, kikaishi zaidi ya miaka 14. Wataalamu hawajui hesabu, au walitaja muda mfupi makusudi ili baadaye wasifiwe? Na kama vumbi ndilo adui, mbona hawakukiwekea hata kifagio cha kufutia paneli za sola?
*Mdadisi wa Kidato cha Nne*

Marahaba, Mdadisi. Hesabu wanazijua, tena vizuri. Zile siku 90 hazikuwa utabiri wa siku ya kufa. Kilikuwa kiwango cha chini cha kazi: kigari kikifika hapo, safari inahesabiwa kuwa imefaulu. Mhandisi akiambiwa ahakikishe siku 90, hawezi kujenga kitu cha kufa siku ya 91. Anaongeza unene hapa, anaweka waya wa akiba pale, anajaribu kila kiungo kwenye baridi kali kuliko inayotarajiwa. Hata kigari kilichokitangulia, Sojourner cha mwaka 1997, kilipangiwa siku 7 kikafanya kazi siku 83 za Mirihi.

Ila vumbi kweli lilikuwa kwenye hesabu. Walitarajia paneli zifunikwe kidogo kidogo hadi umeme usitoshe. Ambacho hawakukitegemea ni upepo. Machi 2005, pacha wa Opportunity, kigari Spirit, kilipitiwa na upepo, na uwezo wa paneli zake ukaruka kutoka karibu asilimia 60 ya ule wa mwanzo hadi 93. Hakuna aliyekuwa ameagiza usafi huo. Mambo kama hayo yalijirudia kwa miaka.

Sasa kifagio. Wasomaji wengi hulileta swali hili kwa sauti ya ushindi, kana kwamba watu waliofikisha kigari kwenye sayari nyingine hawajawahi kuona kifagio. Kifagio kinataka mota. Mota inataka waya, na pia inataka hita yake, maana grisi huganda kule. Vumbi la Mirihi ni laini kama unga na hung'ang'ania kwa umeme tuli, kwa hiyo ukilisugua unaweza kukwaruza kioo unachotaka kukiokoa. Uzito huohuo ukiutumia kuongeza ukubwa wa paneli, unapata umeme wa uhakika bila kitu chochote cha kuharibika. Mimi ningechagua paneli kubwa, nao ndivyo walivyochagua.

Aliyetaka ubunifu autafute kwenye InSight, chombo kilichotua Mirihi Novemba 2018 na hakikuwa na magurudumu. Upepo wa mahali pale peke yake haukukisaidia. Mwaka 2021 waendeshaji wake wakatumia mkono wa chombo kumwaga mchanga karibu na paneli. Chembe nzito zilibebwa na upepo, zikaruka juu ya paneli na kuondoka na vumbi laini. Walivuna takriban wati-saa 30 za ziada kwa siku (wati-saa moja ni umeme wa wati moja kwa saa moja). Ulikuwa ushindi mdogo, lakini kwa chombo chenye njaa kiasi kile ulikuwa na maana. Desemba 2022 kikanyamaza.

Jambo ambalo hukuniuliza ndilo kubwa zaidi. Watu huuliza kigari kinakula nini. Ulizeni kinalalaje. Usiku wa Mirihi hushuka hadi nyuzi 90 chini ya sifuri na zaidi. Betri inaharibika, viungio vya lehemu vinapasuka kwa kuvutika na kusinyaa. Sehemu kubwa ya umeme wa mchana huishia kwenye hita, wala haiendi kwenye magurudumu. Ndiyo maana madereva wa Spirit, kila majira ya baridi yalipokaribia, walikitafutia mteremko unaoelekea kaskazini, kwa kuwa kigari kilikuwa kusini mwa ikweta ya Mirihi na jua lilipita upande ule. Kigari kikiegemea, paneli zinalitazama jua. Mwaka 2009 kilizama kwenye mchanga laini, kikashindwa kujinasua wala kuegemea. Mara ya mwisho kusikika ilikuwa Machi 22, 2010. Ukiandika kilikufa kwa mchanga umekosea kidogo, ukiandika kilikufa kwa baridi umekosea kidogo pia. Kilinaswa pabaya, msimu mbaya.

Opportunity kilifikwa na dhoruba ya vumbi iliyofunika sayari nzima. Wakati wa kutua mwaka 2004 paneli zilitoa karibu wati-saa 900 kwa siku. Tarehe 10 Juni 2018 zilibaki 22. Ndani kilikuwa na vidonge 8 vya plutoniamu, metali ya mionzi, kila kimoja kikitoa joto la wati moja tu. Hilo ni joto, si umeme, na peke yake halikutosha. NASA, shirika la anga la Marekani, walituma jumbe zaidi ya elfu moja bila jibu, wakatangaza mwisho Februari 13, 2019, kigari kikiwa kimetembea kilomita 45. Na yale maneno ya kwaheri yanayosambazwa, kwamba kilisema betri inaisha na giza linaingia? Kigari hakikusema hivyo. Kilituma takwimu za umeme na za ukungu wa anga, kisha mwandishi mmoja wa habari akazieleza kwa lugha ya binadamu. Namba zenyewe zinasikitisha vya kutosha.

Mwalimu, vigari vya Mirihi Curiosity na Perseverance vinatumia nyuklia. Kwa nini visiishi milele? Na kwa nini vyote visiwe hivyo?
*Fundi Umeme*

Fundi, kwanza tuondoe hofu na sifa zisizostahili: mle ndani hakuna kinu cha nyuklia. Curiosity kimebeba kilo 4.8 za oksidi ya plutoniamu-238, ambayo hutoa joto lenyewe tu, mchana na usiku, upende usipende. Joto hilo, kama wati 2,000, linapita kwenye vipande vya nusu-kipitishi vilivyo moto upande mmoja na baridi upande wa pili, na tofauti hiyo inazalisha umeme. Unaotoka ni mdogo: karibu wati 110 wakati wa kutua Agosti 2012. Fundi kama wewe utauona ni ufanisi wa aibu. Lakini hakuna kinachozunguka, na joto linalobaki halitupwi lote, sehemu yake inasambazwa kwa mabomba ya kimiminika kupasha moyo wa kigari. Kinalalaje? Kinalala na joto.

Umeme huo hutiririka saa zote, hivyo wakati ule kwa siku ya Mirihi ulifikia wati-saa 2,700 hivi, mara tatu ya Opportunity katika ubora wake. Wati 110 hazitoshi kuendesha na kutoboa mwamba kwa pamoja, kwa hiyo betri hujazwa kigari kikiwa kimetulia na kutumika kazi ikipamba moto.

Milele haipo. Plutoniamu hiyo hupungua nusu kila miaka 87.7, na vile vipande vya kuzalisha umeme huchoka haraka kuliko plutoniamu yenyewe. Mwaka 2025 waendeshaji walieleza kwamba sasa Curiosity kinaunganisha kazi, kwa mfano kutuma data huku kikiendesha au kupiga picha, ili kimalize mapema na kulala zaidi. Magurudumu nayo ya alumini yalianza kutoboka mapema, tangu mwaka 2013.

Kwa nini si vyote? Kwa sababu mafuta hayo hayapatikani kirahisi. Marekani iliacha kuyatengeneza mwishoni mwa miaka ya 1980, na ilipoanza tena, gramu 50 za kwanza zilitangazwa mwaka 2015. Gramu, Fundi, si kilo.

Je, kwenye Mwezi hali ni rahisi zaidi kwa kuwa ni karibu?
*Msomaji wa siku zote*

Karibu kwa roketi, ndiyo. Kwa kulala, ni pagumu zaidi: usiku wa Mwezi unachukua takriban siku zetu 14, na baridi hupita nyuzi 150 chini ya sifuri. Kigari cha India, Pragyan, kilitua Agosti 2023, kikafanya kazi mchana mmoja wa Mwezi, kikalazwa Septemba betri ikiwa imejaa. Jua lilipochomoza hakikuamka. Hakikuwa na chanzo cha joto ndani.

Wasovyeti walilitatua hilo mwaka 1970. Lunokhod 1 kilikuwa na kifuniko chenye sola upande wa ndani. Mchana kilifunguliwa kuchaji, usiku kikafungwa juu ya mwili uliopashwa na poloniamu, metali nyingine ya mionzi. Kilipangiwa miezi mitatu, kikafanya kazi karibu kumi. Mwenzake, Lunokhod 2, aliponzwa na kifuniko hichohicho mwaka 1973: inasimuliwa kwamba kiligusa ukingo wa shimo na kuchota vumbi, na kilipofungwa vumbi likamwagikia sehemu ya kupoza. Jua liliporudi, kigari kikaungua kwa joto. Hadi hapo kilikuwa kimetembea kilomita 39, rekodi ambayo Opportunity iliivunja mwaka 2014.

Kifo gani kilikuwa cha kizembe kuliko vyote?
*Mchokozi*

Chombo Viking 1, Mchokozi. Kilitua Mirihi Julai 1976 kwa umeme wa plutoniamu, kikiwa na mpango wa siku 90, kikafika mwaka wa saba. Novemba 1982 kikatumiwa amri mpya za kuboresha uchaji wa betri zake zilizochakaa. Amri hizo zikaandikwa juu ya data ya kuelekeza antena, antena ikageukia kwingine, na hakikusikika tena. Umeme kilikuwa nao.