Vifaranga kukimbia taa na kuhema midomo wazi mchana: kabla hujanunua dawa soma hapa

Mkuu nimesoma swali lako, broila 150, wana siku 12, kila ikifika saa 6 mchana wanakimbilia pembeni ya bruda (lile duara la kulelea vifaranga lenye taa), mabawa wameyaachia, midomo wazi, chakula hawagusi, na wa duka la dawa kashakwambia ni kideri akakuuzia antibiotiki. Kwanza kideri ni ugonjwa wa virusi, hakuna antibiotiki inayoutibu, kwa hiyo hiyo hela imeshaenda. Pili mi naona kabisa hapo ni joto, na nasema hivi kwa sababu nilishazika wa kwangu kwa kosa hilohilo.

Bachi yangu ya kwanza niliingiza Januari, niko Chanika, vifaranga 200. Kila niliyemuuliza alikuwa na wimbo mmoja, kifaranga anaogopa baridi, basi mi nikazungushia turubai kila upande, jiko la mkaa ndani, taa juu, banda lenyewe bati tupu halina dari, na Januari ya Dar mnaijua. Siku ya 9 nimerudi saa 9 mchana nakuta banda kimya. Vifaranga 200 hawanyamazi aisee, hata wakiwa wamelala kuna wawili watatu wanapiga kelele, ila siku hiyo kimya kabisa. Wamejibandika kwenye ukuta wa duara, wamelala kifudifudi shingo zimenyooka mbele, 31 wamekufa na wengine 6 wakafuata usiku. Nikadhani nimerogwa, kumbe turubai langu mwenyewe, na sijui ni joto tu au na hewa chafu ya mkaa imechangia, maana mkaa kwenye banda lililofungwa unaua hata mtu.

Tangu siku hiyo nikaanza kuwaangalia wao badala ya kuangalia kipimajoto peke yake. Ukiwa na kipimajoto sawa, wiki ya kwanza watu wengi tunaenda na nyuzi 32 mpaka 35 pale walipo vifaranga halafu unashusha kama 3 kila wiki, kwa hiyo wa kwako wa siku 12 wanataka kama 30 hivi, sasa mchana wa Dar nje tu ni 32 na chini ya bati ni zaidi, we bado umewawashia taa ya wati 250, wataenda wapi?

Kifaranga hatoki jasho. Njia zake ni kuhama alipo, kujilaza tumbo mahali penye ubaridi, kuyaachia mabawa mbali na mwili upepo upite kwapani, na kuhema. Kuhema ndio ya mwisho, na kunafanya kazi kwa kukausha unyevu wa kooni, ndo maana sisi wa pwani tunateseka kuliko mtu wa Dodoma, hewa yetu yenyewe imeshajaa maji, kifaranga anahema mpaka anachoka na hakipungui kitu. Kwa hiyo usisubiri kuona midomo wazi ndo ushtuke, dalili zinaanza mapema: kwanza wanaacha tupu pale chini ya taa kama bakuli, wanakaa pembeni, halafu wanajazana kwenye maji, wengine wanaingiza miguu kabisa, chakula kinabaki kama ulivyoweka, sauti zinapungua. Ukikuta wamenyamaza na wanasinzia huku wanahema hapo una dakika sio masaa.

Kuna kitu kinachanganya wengi, kurundikana. Vifaranga wa baridi wanarundikana chini ya taa, wanapiga kelele kali za kulia, midomo imefungwa. Wa joto wanarundikana mbali na taa, mara nyingi kwenye upenyo wa mlango wanakotafuta upepo, na hawalii. Ukiona rundo ukakimbilia kuongeza taa bila kuangalia midomo umewamaliza.

Na ugonjwa je? Joto linawapiga karibu wote kwa pamoja, saa zilezile, jua likizama saa 12 wanachangamka na kuvamia chakula kama sio wao. Mgonjwa hana ratiba, saa 11 alfajiri kuna ubaridi bado kajikunyata manyoya yamesimama, au anakoroma, au kinyesi kina damu. Kifaranga anayejikunyata saa 8 mchana wakati wenzake wanahema, huyo mtenge na umwite mtaalamu wa mifugo. Ila joto na magonjwa vinapeana mikono, wanakunywa maji mengi, wanaharisha majimaji, maranda yanalowa, harufu ya mkojo inapanda inawasha macho, na koksi, ule ugonjwa wa kuharisha damu, inapenda maranda yaliyolowa. Kwa hiyo kipindi hiki geuza maranda kila siku na uyatoe yaliyoganda kuzunguka vyombo vya maji. Wachunguze na nyuma pia, kinyesi kikiganda pale kifaranga hawezi kujisaidia, lainisha na maji ya vuguvugu, usivute.

Halafu kudonoana. Wakiwa na joto, wamebanana na taa ni nyeupe kali, wanaanza vidole, wakiona damu hawaachi. Mi nilipanua duara na kupunguza mwanga ikaisha yenyewe bila kukata midomo.

Sasa wa kwako fanya hivi. Taa zima asubuhi jua likishachomoza vizuri, washa usiku ukiona wanasogeleana. Turubai shusha kutokea juu, acha kama futi mbili za chini zimefunikwa vifaranga wasipigwe upepo, ile hewa ya moto iko juu ndio inatakiwa itoke. Juu ya bati tupia makuti, mi niliweka na tofauti niliisikia kwa kichwa changu mwenyewe. Maji ndo kila kitu: kama unachota kwenye simtanki nyeusi iliyoko juani jaribu kutia mkono saa 8 mchana, hayo hawanywi, badilisha mara tatu mchana na ongeza vyombo, weka kivulini, vitamini zenye madini weka asubuhi sio kila siku. Chakula, tumbo likisaga linatoa joto, kwa hiyo kuanzia umri huo unaweza kuondoa saa 4 asubuhi ukarudisha saa 10 jioni, ila ukirudisha vyombo viwe vingi maana wanakuja kwa fujo wanakanyagana. Wa wiki ya kwanza usiwanyime chakula kabisa. Na chanjo ya gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi) ya siku ya 14 ambayo kwako ni keshokutwa, wape alfajiri, maji ya moto yanaua chanjo halafu utasema dawa feki.

Usiingie ingie bandani mchana, ukiwashtua wanakimbia na kurundikana wanajiongezea joto bure.

Bibi yangu anafuga kienyeji hana taa wala kipimajoto, mtetea wake jua likiwaka anahamisha watoto chini ya migomba, wakizidiwa anasimama tu wanatoka mbawani wenyewe. Broila wako hawana wa kuwahamisha, umewafungia kwenye duara.

Kesho saa 8 nenda uchungulie dirishani kabla hujafungua mlango, piga picha jinsi walivyokaa, uiweke hapa tuone.