Cooper Black: ipe maneno matatu, usiipe namba ya simu

Kazi ilikuwa kadi za mchango wa harusi. Mama mwenye shughuli akaniambia, "Mwanangu, nataka maandishi yaliyonona, watu wasije wakasingizia miwani." Nikaona rahisi hiyo. Kadi nzima nikaipiga fonti nene ya Cooper Black, kuanzia majina ya maharusi mpaka namba ya kutumia mchango. Kwenye kompyuta ikapendeza. Zilipotoka kwenye fotokopi, matundu ya e na a yameziba kwa wino, na 6 kwenye namba huitofautishi na 8. Michango miwili ikaenda kwa mtu asiyehusika. Kadi nilizichapa upya kwa hela yangu.

Hasara ile ndiyo iliyonifanya niichunguze fonti yenyewe. Aliyeichora ni Oswald Cooper wa Chicago, mtu wa matangazo, na kiwanda cha herufi cha Barnhart Brothers & Spindler kikaitoa mwaka 1922. Ni herufi za jadi zenye vijimiguu, yaani vile vijistari vya kwenye ncha za herufi, ila zimevimbishwa hadi hazina kona. Ikuze n ijae kioo uitazame chini: mguu hauna ncha, umeumuka kama andazi. Tundu la o nalo limelala upande, kama ilivyo kwenye herufi za kale zilizofuata mkono wa kalamu. Ilinadiwa kwa utani kuwa ni ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Yule mama alikuwa anataka hicho hicho, mimi ndiye niliyeitumia vibaya.

Siku hizi naipa maneno mawili matatu, tena makubwa. Kwenye bango la A4 siishushi chini ya pointi 36. Andika "Karibu", si "KARIBU", maana herufi kubwa tupu hugeuka ukuta. Kisha zisogeze zikaribiane kidogo, bila kugusana. Maelezo mengine yote nayaandika kwa fonti ya kawaida isiyo na vijimiguu.

Kwenye fulana ndiko kwao hasa. Wino ukitanuka kwenye kitambaa, fonti yenye ncha kali huharibika, lakini hii haina ncha ya kupoteza. Jina la mgahawa, duka la maziwa, sherehe ya watoto, hata ndege: shirika la ndege la easyJet wameiandika ubavuni na hakuna anayeshangaa. Ila tangazo la msiba, tafadhali, hapana. Niliwahi kuliona moja, jina la marehemu limenenepa kama la duka la keki. Fonti hii hutabasamu, utake usitake.

Mama yule alirudi mwaka jana kwa harusi ya binti wa pili. Safari hii yaliyonona ni majina tu. Nikatoa nakala moja kwanza, kwenye mashine ile ile, akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, huku simu yake iko mkononi.