Ukinunua gari la mkononi Nyanda za Juu, ulizia kazi lililofanya kabla ya kilomita

Mnunuzi wa gari la mkononi akifika kwa muuzaji, macho yake yanakimbilia dashibodi. Limetembea kilomita ngapi? Mimi nimesindikiza ndugu na majirani kununua magari Mbeya, Mafinga na Iringa, na swali hilo siku hizi naliweka nyuma. Kilomita zinarudishwa na fundi mwenye kifaa chake, tena haraka. Hata zikiwa za kweli hazitoshi. Gari la mwalimu wa Iringa mjini, kazini na nyumbani, linaweza kuwa na kilomita laki moja na nusu na bado likawa zima kuliko Toyota Noah yenye elfu themanini iliyozoea kushuka na viazi kutoka mlimani Isyonje.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: gari hili lilikuwa linafanya kazi gani, na wapi?

Muuzaji karibu kila mara atajibu kwamba ni gari la familia. Usibishane naye, fungua milango. Noah iliyobeba abiria Tukuyu au Kyela inajulikana hata ikipakwa rangi upya: mlango wa pembeni umelegea kwenye reli, kizingiti kimelika kwa viatu, na ukiinua kapeti la nyuma unakuta matundu ya boliti za viti vilivyoongezwa. Shemeji yangu alionyeshwa moja ya namna hiyo Uyole, namba za njano safi kabisa. Tukaomba karatasi za bima za miaka ya nyuma. Zilikuwa za gari la abiria. Namba za njano ni za matumizi binafsi na nyeupe ni za biashara, lakini gari linaweza kuhamishwa kutoka huku kwenda kule, kwa hiyo rangi ya leo haikuambii ya jana. Karatasi za zamani zinakuambia.

Pikapu iliyofanya kazi kwenye mbao za Mafinga au machimbo ya Chunya, ingia chini yake. Tazama springi za nyuma kama zimeongezwa majani, na chesisi kama ina mahali pamechomelewa. Gari lililochomelewa chesisi mimi silinunui kwa bei yoyote, hata fundi akiniapia.

Huku kwetu kuna jambo ambalo mtu wa Mwanza au Arusha halimsumbui sana. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inapitisha magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini, kwenda Zambia na Congo, na mengine yanakata Uyole kwenda Kasumulu na Malawi. Magari hayo hayajalipiwa kodi ya kuingia nchini kwa sababu hayakuja kubaki hapa. Ukiona gari zuri, bei iko chini kwa namna isiyoeleweka, halafu unaambiwa "kadi ya gari iko njiani" au "kodi tunamalizia wiki ijayo", ondoka. Mamlaka ya Mapato, TRA, wakilikamata, anayekutwa nalo ni wewe, na dalali siku hiyo simu yake haipatikani. Nalisema hili kwa uchungu, maana wanaopoteza fedha hapa ni watu waliouza mpunga wa misimu kadhaa.

Kadi yenyewe ikishakuwa mkononi mwako, isome polepole ukiwa umesimama kwenye gari. Namba ya chesisi kwenye kadi, kwenye kibati cha ndani ya boneti na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe lazima zifanane herufi kwa herufi. Ukikuta chuma kimesuguliwa au rangi mpya imepakwa hapo tu, usiendelee. Linganisha na namba ya injini pia. Injini iliyobadilishwa si kosa, ila mabadiliko yawe yameandikishwa. Angalia jina: kama kuna jina la benki pamoja na la mwenye gari, lina mkopo, na utahitaji barua ya benki kwamba umemalizika. Kadi ikiwa ni nakala iliyotolewa baada ya ile ya kwanza kupotea, uliza kwa makini, maana pengine ya kwanza haikupotea bali imewekwa rehani mahali. Na magari yaliyotoka kwenye miradi ya wafadhili, yale ya namba za DFP, mengi yaliingia kwa msamaha wa kodi. Msamaha ule hauhami na gari. Kodi inadaiwa likienda kwa mtu asiye na haki hiyo, kwa hiyo hakikisha imelipwa kabla hujatoa hela.

Yote haya nenda kayathibitishe ofisi ya TRA pamoja na muuzaji. Muuzaji mkweli anakwenda.

Kuhusu ajali, lebo za mikanda ya usalama huwa na tarehe ya kutengenezwa. Mkanda uliotengenezwa miaka mingi baada ya gari una sababu yake. Vioo navyo vina alama za mtengenezaji, kimoja kikiwa tofauti na vingine ulizia. Toa tairi la spea utazame bati la chini kama limekunjamana. Gari lililokula mzinga kwenye mteremko likanyooshwa linapendeza machoni, lakini tairi zake zinalika upande mmoja kila baada ya muda mfupi. Kama liliagizwa Japani na muuzaji anayo karatasi ya mnada, daraja la R lina maana kwamba lilitengenezwa baada ya kugongwa. Cheti cha kuuzia nje nacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule, uzilinganishe na za dashibodi.

Injini ikague asubuhi mapema, na baridi ya Juni na Julai ni msaada mkubwa. Gusa boneti kwanza. Kama ni ya moto, limewashwa kabla hujafika, rudi siku nyingine bila kumwambia saa. Likiwashwa, mvuke mweupe wa mwanzo kwenye baridi ni kawaida na unapotea injini ikipata joto. Moshi mweupe usiokoma unaonyesha maji yanaingia kwenye silinda, na wa bluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana. Kisha lipandishe mlima. Iringa, kutoka Ipogolo kwenda mjini kunatosha, na Mbeya elekea Isyonje. Gia zinazosita na joto linalopanda utaviona huko, kwenye lami ya tambarare huvioni.

Faini za barabarani utaziangalia kwenye mfumo wa Polisi mtandaoni kwa namba ya gari, na bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Ni dakika chache tu. Deni likiwepo lilipwe na muuzaji mbele yako, muandikishiane mkataba kwa wakili, fedha zipite benki, na uhamisho wa umiliki muuanze siku hiyohiyo muuzaji akiwa bado yuko mjini.