FTP yangu ilishuka wati 2, nikapanda daraja

Ndugu yetu aliyeuliza swali hushindana mbio za baiskeli na anaishi Leicester, ana uzito wa kilo 68, FTP yake (nguvu ya juu kabisa anayoweza kuishikilia kwa takriban saa moja) ni wati 262, na amemaliza msimu wa pili mfululizo akiwa daraja la tatu. Anataka kujua kama akiongeza wati 20 kipindi hiki cha baridi atafika daraja la pili. Ninajibu kwa kirefu kwa sababu niliwahi kujiuliza swali hilo hilo, nikajipa jibu lisilo sahihi, na jibu lile likanigharimu msimu mzima.

Kwa wasiofahamu utaratibu wa Uingereza, mwendesha baiskeli huanzia daraja la nne, huhitaji pointi 12 kuingia la tatu, kisha pointi 40 ndani ya msimu mmoja kuingia la pili, na 200 kufika la kwanza. Hatua ya pointi 12 wengi huivuka kwa afya njema na subira. Ya pointi 40 ndipo wengi hukwama, maana huko utakutana kila wiki na watu wanaojua kukimbia mbio, na pointi huwaendea wachache wa mbele tu.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kama lako. Nilifanya mazoezi majira yote ya baridi kwenye treina ya ndani (kifaa cha kuendeshea baiskeli ukiwa nyumbani), vipindi viwili vya dakika 20 karibu na kizingiti, yaani FTP yenyewe, mara mbili kwa wiki, na FTP yangu ikapanda kutoka wati 255 hadi 272. Nilifurahi sana. Mwezi Machi nikaenda Hog Hill, mashariki mwa London, ambako kila mzunguko wa takriban kilomita 2 una kilima kifupi lakini kikali. Mbio zilikuwa za mizunguko 18. Katika mzunguko wa 14, gurudumu nililokuwa nimelifuata liliniacha urefu wa baiskeli moja, kisha tatu, na kabla sijafika juu ya kilima kundi lilikuwa limeshaingia kona. Skrini ya kompyuta ya usukani ilionyesha wati 390, na miguu haikuwa na hata moja ya kuongeza.

Nyumbani nililifungua faili la mbio zile na kulisoma mzunguko kwa mzunguko, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu ninunue kipima nguvu, kile kifaa cha kwenye baiskeli kinachopima wati unazotoa. Wastani wa nguvu ulikuwa wati 208 tu. Wastani uliorekebishwa, ule ambao programu huukokotoa kwa kuipa uzito zaidi minyanyuko mikali (pale unapoongeza nguvu ghafla), ulikuwa 259. Namba zote mbili zilikuwa chini ya FTP yangu, na bado nilikuwa nimeachwa. Karibu theluthi ya muda sikuwa nikikanyaga pedali kabisa, au nilikuwa chini ya wati 100. Lakini kile kilima nilikipanda kwa wati 470 hadi 520, kila mara kwa sekunde 35 hivi, katika mizunguko kumi ya mwanzo. Wa 11 nikashuka hadi 455, wa 13 hadi 430, na wa 14 ndio ule wa 390.

Hesabu yake ni hii, na ninaomba uifuatilie kwa makini kwa sababu jibu lako limo humo. Kila mtu ana akiba ya nishati ya kutumia anapozidi kizingiti. Yangu, kwa vipimo vya juhudi za dakika 3 na dakika 12, ni takriban kilojuli 20. Nikipanda kilima kwa wati 490 huku kizingiti changu kikiwa 272, ninachota juli 218 kutoka kwenye akiba kila sekunde, na kwa sekunde 35 ni takriban kilojuli 7.6. Maana yake, bila kujazwa tena, akiba yote huisha kabla ya kilima cha tatu kumalizika. Hujazwa pale tu unapokuwa chini ya kizingiti, na kadiri unavyokuwa chini zaidi ndivyo inavyojaa haraka. Kwa hiyo mbio zile zilikuwa zikiamuliwa katika zile dakika mbili na ushee za kati ya kilima na kilima, ambako mimi nilikuwa nyuma ya kundi, nikifunga breki kila kona na kukimbiza upya kwa wati 400 kila tunapotoka.

FTP kubwa inasaidia, na sisemi uiache. Kizingiti kikipanda, kila kilima kinachota kidogo na akiba inajaa upesi. Lakini kwa mtu mwenye kazi na watoto, anayepata saa nane kwa wiki, wati 20 nyingine zinaweza kuchukua miaka miwili, ilhali uwezo wa kurudia mnyanyuko mmoja mara 18 unaweza kujengwa kwa wiki nane hadi kumi.

Msimu uliofuata nilibakiza kipindi kimoja tu cha kizingiti kwa wiki. Jumanne nilifanya sekunde 40 kwa asilimia 120 ya FTP na sekunde 20 za kukanyaga polepole, mara kumi, kwa seti tatu zenye mapumziko ya dakika tano. Seti ya tatu ndiyo kipimo: ukishindwa kuishikilia namba katika marudio manne ya mwisho, ulianza juu mno. Jumamosi niliendesha saa mbili kwa utulivu, asilimia 65 hadi 70 ya FTP, ndipo nikatafuta kilima cha sekunde 35 na kukipanda mara nane kwa wati 480, nikishuka na kuanza upya kila baada ya dakika tatu. Zoezi hili la Jumamosi ndilo lililonibadilisha kuliko jingine lolote, kwa kuwa miguu hujifunza kuitoa nguvu hiyo ikiwa tayari imechoka. Siku mbili kwa wiki sikugusa baiskeli kabisa.

Jambo jingine ni nafasi ndani ya kundi, ambalo kipima nguvu hukuonyesha waziwazi ukijua pa kutazama. Nilianza kufika chini ya kilima nikiwa miongoni mwa kumi wa mbele, kisha nikajiruhusu kupitwa na watu sita au saba wakati wa kupanda. Kilima kile kile kikanigharimu wati 430 badala ya 490, na sikupoteza kundi. Wati 60 kwa sekunde 35 ni kilojuli 2.1, kwa mizunguko 18 ni karibu kilojuli 38, yaani karibu mara mbili ya akiba yangu yote. Hakuna zoezi la treina ya ndani linaloweza kukupa kiasi hicho.

Onyo fupi kuhusu chombo chenyewe. Baiskeli ikitoka sebuleni penye joto kwenda nje kwenye nyuzi 4, iache dakika kumi na tano ipoe, kisha rudisha kipima nguvu kwenye sifuri kabla ya kuondoka. Mimi niliwahi kufanya mazoezi mwezi mzima kwa namba zilizozidi ukweli kwa wati 15. Na ule sukari wa kwenye chupa usiupuuze: gramu 60 au zaidi za wanga kwa saa, hata katika mazoezi ya Jumamosi.

Kufikia Agosti nilikuwa na pointi 43, na kipimo cha mwisho cha FTP kilikuwa 270.

Weka hapa mafaili ya mbio zako mbili za mwisho, yakionyesha nguvu ya kila mzunguko mahali pale pale kundi linapokaza, na pia ulikuwa wa ngapi ulipofika hapo. Tukishaona ni mzunguko gani namba zako zinaanza kushuka, tutapanga wiki zako nane.