Jibu: Aliyekuuma Tarangire ni mbung'o au kipanga?

Salaam mkuu. Swali lako ni kama nzi aliyekuuma ndani ya gari kule Tarangire ni mbung'o au kipanga, na umeweka picha tatu.

Rangi iache kwanza, angalia mabawa akiwa ametulia. Mbung'o hulaza bawa moja juu ya jingine mgongoni, kama mkasi uliofungwa. Vipanga wakubwa huyaacha yametanuka pembeni. Wale wadogo wenye mabawa ya madoadoa huyainamisha kama paa la nyumba. Picha yako ya pili ni mkasi mtupu.

Sasa kuza katikati ya bawa. Unaona mishipa imezunguka kijisehemu chenye umbo la shoka? Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Mrija uliochomoza mbele ya kichwa usikutie haraka: nzi wa mazizini anayeuma naye anao, na mimi mrija huo uliwahi kunidanganya nikabishana na dereva safari nzima. Dereva alikuwa sahihi.

Kwa hiyo ni mbung'o. Ila ni mbung'o yupi kati ya spishi zaidi ya 20, kwa picha hizi siwezi kukwambia, maana miguu haionekani, na baadhi hutofautishwa kwa hadubini tu. Ukimpata mwingine, mpige picha moja kutoka juu na moja ubavuni, na sarafu pembeni.

Ukianza kupata homa, nenda hospitali na uwaambie uliumwa na mbung'o.