Chembe za dhahabu zilizotengenezwa kwa chai: je, zinalenga saratani?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika kemia. Ninatengeneza chembe za nano za dhahabu kwa maji ya majani ya chai nyeusi badala ya kemikali kali ya sodiamu borohaidraidi, na kipimo cha MTT (rangi ambayo seli hai huibadilisha, kisha husomwa kwa mwanga) kinaonyesha kuwa zinaua seli za saratani ya tezi dume. Je, ninaweza kuandika kuwa ni salama na kuwa zinalenga saratani?

JIBU: Ndugu msomaji, bado hujafika hapo, ingawa njia uliyoichagua ina msingi imara. Polifenoli, yaani kemikali asilia za chai, huzipa ioni za dhahabu elektroni, ioni hizo zikawa atomi na kukusanyika kuwa chembe, kisha polifenoli hubaki juu ya chembe na kuzizuia zisigandamane, nawe ukaepuka kemikali kali. Hata hivyo, usafi huo ni wa maabara na mazingira. Kulenga saratani hutegemea kilichobaki juu ya chembe, na hilo ndilo unalopaswa kulijua kwanza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walitoa mwaka 2012 matokeo yanayotajwa sana katika jambo hili. Hawakutumia maji ya chai bali EGCG iliyosafishwa, ambayo ndiyo katekini (aina ya polifenoli) kuu ya chai ya kijani, nayo hushika kipokezi cha laminini, protini ya juu ya seli iliyo kwa wingi kwenye seli za saratani ya tezi dume. Katika panya waliotibiwa, baada ya siku 28 uvimbe ulikuwa mdogo kwa takriban asilimia 80 kuliko wa panya wasiotibiwa. Lakini dhahabu yao ilikuwa dhahabu-198, yenye mnururisho na nusumaisha (muda wa mnururisho kupungua kwa nusu) ya siku 2.7, nayo ilidungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe. Ukiitaja kazi hiyo bila kueleza mambo hayo mawili, utampotosha msomaji wako.

Chai nyeusi ni kitu kingine, kwa kuwa katika kuchachushwa kwa majani katekini nyingi hugeuka theaflavini na thearubijini, na kiasi chake hubadilika kulingana na shamba na msimu. Tengeneza chembe nyingine kwa EGCG safi, ulinganishe.

Kuhusu vifo vya seli, nina wasiwasi mkubwa zaidi. Polifenoli huweza kubadilisha rangi ya MTT hata pasipo seli, na dhahabu yenyewe hufyonza mwanga karibu na nanomita 520, si mbali na pale unaposomea kipimo. Isitoshe, EGCG huoksidika katika maji ya kukuzia seli na kuzalisha haidrojeni peroksidi, ambayo huua seli ndani ya kisahani ilhali mwilini hali ni tofauti. Rudia jaribio ukiongeza kimeng'enya cha katalesi, kinachovunja haidrojeni peroksidi. Weka pia maji ya chai peke yake, seli za kawaida za tezi dume, na kingamwili inayoziba kipokezi. Vifo vikikoma baada ya kipokezi kuzibwa, hapo utakuwa na dalili ya kweli ya kulenga.

Neno "salama" liache kwa sasa. Chembe zinazopita nanomita 6 hivi hazichujwi kirahisi na figo, na nyingi hunaswa na ini na wengu zikiingizwa kwenye mshipa. Aidha, dondoo la mmea huweza kubeba endotoksini, yaani sumu za bakteria, ambazo hujazipima.