Mzio ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki

SWALI: Shikamoo, mwanasheria. Mke wangu alipokuwa mjamzito alipewa vidonge vya SP vya kukinga malaria katika zahanati ya serikali, akavimeza palepale mbele ya muuguzi. Alikuwa amemweleza kwamba dawa zenye salfa humdhuru, na kadi yake ya kliniki imeandikwa hivyo. Siku chache baadaye alitoka malengelenge mwili mzima, ngozi ikachubuka kama ya mtu aliyeungua, akalazwa wiki tatu. Mtoto alizaliwa salama, lakini jicho la kushoto la mama haliioni nuru vizuri mpaka leo, na miezi kumi imepita. Majirani wanasema dawa ni dawa, hakuna wa kushtakiwa. Je, ni kweli?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na umpe mkeo pole nyingi. Majirani zako wana sehemu ya ukweli. Dawa iliyotolewa kwa usahihi inaweza kumdhuru mtu ambaye hakuna aliyejua kuwa ina hatari kwake, na kwa madhara ya namna hiyo peke yake mahakama haitoi fidia. Kinachodaiwa ni uzembe: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, akaukiuka, na ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara. SP ina salfadoksini, ambayo ni dawa ya jamii ya salfa, na mtu mwenye mzio wa salfa hapaswi kupewa. Kwa hiyo hoja yenu haihusu ubaya wa dawa, bali onyo lililotolewa kwa mdomo na kwa maandishi lisisikilizwe.

Ndiyo maana naiona kadi hiyo kuwa na thamani kuliko karatasi nyingine yoyote mliyo nayo. Itoeni nakala leo, na ile halisi msimwachie mtu yeyote, hata akiiomba kwa upole. Ombeni pia kwa barua muhtasari wa matibabu kutoka hospitali alikolazwa, kwa kuwa daktari aliyemtibu ndiye atakayeweza kueleza kama ngozi na jicho viliharibiwa na dawa au na ugonjwa mwingine, na kesi nyingi za namna hii huanguka hapo.

Muuguzi anaweza kulalamikiwa kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, lenye mamlaka ya kinidhamu chini ya sheria ya mwaka 2010. Madhara yenyewe yaripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda Tabora. Mhudumu wa afya yeyote anaweza kuwasaidia kujaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Njia hizi mbili hazilipi fidia, lakini nawasihi msiziache, maana yupo mjamzito mwingine atakayepanga foleni kwenye zahanati hiyo hiyo.

Kuhusu fidia, mwajiri huwajibika kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini, hivyo mdaiwa ni halmashauri inayoendesha zahanati. Kabla ya kufungua shauri ni lazima kuipa notisi ya siku 90, pamoja na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye naye huunganishwa katika shauri. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2020 utaratibu huu unazihusu halmashauri pia, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo kwenu ipo Kigoma. Kama dawa ingetolewa katika duka la mtu binafsi, notisi hiyo isingehitajika.

Sheria ya Ukomo, inayoweka muda wa mwisho wa kufungua shauri, inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe. Miezi kumi imekwisha kwenda, na kupata maelezo ya daktari huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa gharama ya wakili ni kikwazo, ulizieni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hao huduma yao ni bure, na wanaweza kuwaelekeza kwa wakili atakayeandaa notisi. Mkeo aende mwenyewe, kwa sababu dai ni lake, nawe umsindikize ukiwa na kadi ile mkononi.